Hesabu za Kutunga

Tarehe 9 Machi 1991, siku ya Jumamosi, tulimzika mume wangu nyumbani kwao Oldonyo Sambu. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Pamoja naye ilikwenda nyumba tuliyokuwa tunaishi, kwa sababu ilikuwa nyumba ya shule na mwalimu mwingine alikuwa anaisubiri. Na likaenda jambo jingine ambalo halikuonekana siku ile kwa sababu ya wingi wa watu. Binti yetu, aliyekuwa darasa la tano, aliacha kutunga hesabu.

Najua maneno hayo hayaeleweki kwa mtu ambaye hakuwahi kukaa nasi. Hesabu hufanywa. Kinachotungwa ni wimbo, au shanga. Nyumbani kwetu hesabu zilitungwa, na nitaeleza zilivyotungwa.

Mimi niliishia darasa la saba. Nilizaliwa upande wa mvua wa mlima, kwenye kahawa na migomba, kwa wazazi Walutheri ambao hawakuwahi kukosa ibada, nikaolewa upande wa vumbi kwa wafugaji. Ualimu sijausomea. Ninayoyasema kuhusu watoto na hesabu niliyaona kwa macho yangu, mara nyingi nikiwa na mwiko mkononi, na sina shaka nayo.

Kwa wazazi wa mume wangu ng'ombe hawahesabiwi. Jioni walipokuwa wanarudi, baba mkwe alisimama pembeni mwa lango la boma akiwatazama wakiingia. Hasemi moja, hasemi mbili. Wakishaingia wote anasema, "Yule wa tumbo jeupe hayupo," na kweli hayupo. Kumnyooshea ng'ombe kidole na kumpa namba ni kama kumtakia mabaya. Kwa binadamu ni vibaya zaidi. Ukimuuliza mama wa pale ana watoto wangapi, anakujibu kwamba wapo, wazima.

Mume wangu alipomaliza chuo alirudishwa kufundisha kule kule alikozaliwa. Siku za mwanzo alifungua kitabu akawasomea watoto swali: baba ana ng'ombe kumi na wanne, wanne wamekufa, wamebaki wangapi? Darasa zima likatazama chini. Akarudia swali. Wakazidi kuinama. Mwalimu wa darasa la jirani, ambaye hakuwa mtu wa huko, alimwambia wakati wa mapumziko, "Hawa usijisumbue nao, kaka. Vichwani mwao mna mtindi."

Mume wangu alinisimulia habari hiyo mara nyingi na kila mara alicheka, kwa sababu na yeye aliwahi kuwa mmoja wa hao waliotazama chini. "Watoto walikuwa na adabu tu," alisema. "Kitabu ndicho kilichokosa adabu. Kinaingia darasani, hakijasalimia hata mtu, kinawaambia ng'ombe wa baba zao wamekufa."

Basi akafunga kitabu. Akawaambia kila mmoja aende nyumbani, atazame, kisha aje na swali lake mwenyewe kuhusu kitu alichokiona, kitu kinachohesabika bila kumkosea mtu. Mtoto mmoja akaja na hili: kamba za kufungia ndama ni saba, jana jioni kamba mbili zilibaki zinaning'inia. Akaliandika chini kwa kijiti. Siku ile mume wangu alikuja nyumbani akitembea haraka. "Ndama wawili hawakurudi, na mtoto hajahesabu ndama hata mmoja! Amezunguka kwa nyuma. Nani alimfundisha?"

Ikawa ndiyo kawaida yake. Alikuwa na masharti machache. Swali liwe la jambo la kweli. Aliyelitunga ajue jibu lake. Na yule atakayepata jibu kwa njia ambayo mtunzi hakuifikiria, ndiye atakayetunga linalofuata. Kwa hiyo hata jibu likishapatikana darasa halikutulia, kila mtu alikuwa anatafuta pa kupitia. Nimewahi kupita nje ya dirisha lake nikadhani watoto wanagombana.

Binti yetu alilelewa ndani ya mambo hayo. Alipokuwa na miaka kama sita, siku moja nilikuwa napakua loshoro, yale mahindi yanayopondwa na mtindi, na yeye ndiye aliyekuwa anapanga vyombo. Akasimama.

"Baba, vijiko ni vichache kuliko sahani."

"Vimepungua kiasi gani?"

Akatazama sahani, akatazama vijiko. "Kiasi cha wewe na Mama."

Baba yake alicheka mpaka akaweka chini kikombe cha chai. "Sawa. Basi mimi na mama yako tutakula kwa mikono."

Alipokuwa mkubwa kidogo nilizoea kumsikia akifanya hesabu kwa sauti huku anafagia. Mia nne na mbili toa mia moja tisini na nane. "Natoa mia mbili, nimetoa nyingi mno, narudisha mbili. Mia mbili na nne." Mimi ningehitaji karatasi. Yeye aliendelea kufagia.

Baada ya msiba tulikaa kwa mama mkwe mpaka siku za maombolezo zikaisha. Mjukuu wake alimwita Koko, kama wanavyowaita bibi kule. Asubuhi tuliyokuwa tunaondoka Koko alimshika mtoto kichwa, akamtemea mate ya baraka, akamwambia kwa Kimaa, lugha yao, maneno ambayo niliyaelewa nusu. Niliyoelewa ni kwamba asikubali kuhesabiwa, wala asiwahesabu watu wa nyumbani, hasa sasa ambapo mlango aliotokea marehemu ulikuwa bado wazi. Mtoto aliitikia. Kwetu hatuna mwiko huo, lakini sikuwa na moyo wa kubishana na mama aliyetoka kumzika mwanawe.

Tukahamia Sekei, mjini, kwa dada yangu mkubwa na familia yake. Zilikuwa siku za ruksa, biashara za watu binafsi zimefunguliwa, na kila mtu mjini alikuwa ameanzisha kitu. Dada alikuwa ameanzisha kihoteli cha mabati karibu na barabara, chai na maandazi asubuhi, mchana wali, ndizi na makande. Nikawa napika. Binti yangu akahamishiwa shule ya jirani, darasa la tano, watoto wengi wamebanana watatu watatu kwenye dawati.

Mwalimu wake wa hesabu alikuwa kijana wa Kichaga, mrefu, mwenye baiskeli. Mshahara wake haukumtosha, kama walimu wote wakati ule, kwa hiyo alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba aliyopanga na jioni alifundisha tuisheni. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia habari hii hupenda awe mbaya.

Wiki ya kwanza alimwita binti yangu ubaoni kufanya hesabu ya kutoa. Mtoto akatazama namba, akaandika jibu, akaweka chaki.

"Njia iko wapi?"

"Ni hilo jibu, mwalimu."

"Jibu nimeliona. Ulikopa wapi? Onyesha ulipokopa."

"Sikukopa, mwalimu."

"Hukukopa? Basi umeiba."

Darasa likaangua kicheko. Kwa hesabu ile alipewa kosa, na kwa zilizofuata pia, kwa sababu hakuonyesha alipokopa. Alinisimulia mwenyewe, bila kulia, kama mtu anayesimulia habari za mtu mwingine. Jambo hilo lilinisumbua kuliko kama angelia.

Kisha ikaja habari ya vikombe. Mwalimu alitaka kuwafundisha grafu ya nguzo, akawaambia kila mmoja aje kesho yake na idadi ya watu wa nyumbani kwao. Asubuhi akawa anaita mmoja mmoja. Sita. Tisa. Wanne. Akamfikia binti yangu.

"Vikombe vitano, mwalimu."

"Nimeuliza watu."

"Vikombe ni vitano."

"Nyumbani kwenu mnaishi watu au mnaishi vikombe?"

Binti yangu alisimama mpaka kipindi kikaisha, na kwenye grafu ya darasa nyumba yetu haikuwekwa. Kuanzia mchana ule akawa na jina. "Wee Kikombe! Kikombe, shikamoo! Umeshanywewa chai?" Walimfuata nalo mpaka kwenye mlango wa kihoteli, na aliyekuwa mbele yao alikuwa msichana mmoja mnene wa dawati la mbele, mwenye sauti kubwa.

Mwalimu aliniita shuleni. Nilikwenda nikiwa nimevaa kitenge cha heshima.

"Mama, pole na msiba. Nimeambiwa baba yake alikuwa mwenzetu."

"Nimeshapoa, mwalimu."

"Mtoto wako simwelewi. Si mjinga. Majibu anapata, lakini njia hana. Juzi nimewapa kazi ndogo, ya kuhesabu watu wa nyumbani tu, amekataa mbele ya darasa. Ama ni mzito ama ana kiburi. Mwisho wa mwaka asipofikisha nusu kwenye hesabu, mwalimu mkuu hatakubali aende la sita. Atarudia."

Nilimshukuru nikarudi kwenye sufuria zangu. Kurudia darasa si kifo. Mimi mwenyewe nilirudia la nne na sikupungukiwa kitu. Lakini nilijua huyu mtoto akirudia la tano kwa sababu ya hesabu, ataamini kwamba alichofundishwa na baba yake kilikuwa makosa. Baba yake hakutuachia shamba wala nyumba. Alituachia hicho. Nilikuwa tayari kugombana na yeyote kwa ajili yake, ingawa sikujua nianzie wapi.

Dada yangu alijua pa kuanzia.

"Mpeleke tuisheni, mdogo wangu. Wenzake wote wanakwenda."

"Atafundishwa nini huko?"

"Njia! Si ndiyo hiyo wanayoililia? Aikariri, afaulu, yaishe."

"Na aliyofundishwa na baba yake?"

Dada alikuwa anakanda unga. Hakuinua macho. "Ya baba yake nani ataisahihisha?"

Dada hana maneno ya kuzunguka. Lakini sikumpeleka.

Jioni moja tukiwa tunaosha vyombo nilimuuliza binti yangu mwenyewe kwa nini hakusema tuko watano. Nilifahamu sehemu ya jibu. Nilitaka kusikia iliyobaki.

"Koko alisema tusihesabiwe. Na mwalimu alitaka aandike ubaoni. Nikaona vikombe ni sawa sawa na sisi, atapata tu anachotaka."

"Ungemweleza."

"Wangecheka."

"Si walicheka hivyo hivyo?"

"Walicheka vikombe," alisema. "Hawakumcheka Koko."

Nikaendelea kusuuza. Baada ya muda nikamuuliza kwa nini siku hizi hatungi. Akashangaa kwamba naweza kuuliza swali kama hilo.

"Nimtungie nani?"

Jumamosi nilikwenda kwa mwalimu nyumbani kwake. Nilimkuta bandani akimwaga chakula cha kuku, shati limejaa pumba. Nikamweleza yote, mwiko wa kwa mume wangu, maneno ya Koko, vikombe. Alisikiliza huku kuku wakimkanyaga miguu.

"Mama, hata kwetu bibi yangu hapendi mtu awahesabu wajukuu," alisema. "Angeniambia tu. Ningemwambia alete idadi ya kuku." Kisha akasimama wima. "Lakini mtihani hautauliza vikombe. Utauliza njia, na njia ni ile ya kitabuni."

"Najua. Mwache aandike yake, na chini yake aandike ya kitabu. Zikifika mahali pamoja, mpe vema."

"Nikimruhusu yeye, na wengine watataka. Darasa zima likileta kila mtoto na njia yake, nitasahihisha saa ngapi? Hawa watalishwa na nani?" Akanionyesha kuku.

"Hutasahihisha wewe. Watasahihishana."

Nikamweleza alivyokuwa akifanya marehemu. Sikutumia maneno makubwa, sina. Nilimwambia kuhusu kamba za ndama, na masharti yale. Aliuliza maswali ya mtu wa kazi. Wakikosea wote je? Mtoto akitunga upuuzi je? Nilimjibu niliyoyajua, na nisiyoyajua nilisema sijui. Mwishoni akasema, "Vitabu vya hesabu ninavyo vinne kwa darasa zima. Muda wote nanakili maswali ubaoni mpaka chaki inaniishia. Wakitunga wao, angalau nitapumzisha mkono. Ijumaa, kipindi cha mwisho. Ikiwa fujo, nafuta."

Ijumaa ya kwanza ilikuwa fujo. Nilikuwepo, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku niliyokuwa napeleka chupa za chai ya walimu kutoka kihotelini, na ofisi yao ilipakana na darasa lile. Watoto walipiga kelele, na walichotunga hakikuwa kitu. Walichukua maswali ya kitabuni wakabadilisha namba. Juma akawa na maembe ishirini badala ya kumi na tano. Binti yangu hakuandika chochote. Mwalimu alitoka na uso uliokunjamana, akachukua chai bila kunitazama. Nilidhani amefuta.

Hakufuta. Ijumaa iliyofuata alianza yeye. Aliwaambia, "Leo nimeamka nimekuta kuku wamedonoa mayai yao wenyewe," akawatungia swali la trei za mayai, yaliyopasuka na mazima, na akakiri kwamba asubuhi ile alikuwa amelikosea kichwani mwake. Nadhani hapo ndipo walipomwamini. Mtoto mmoja akainuka na swali la robota la mitumba la mama yake, mashati mangapi yana vifungo vyote na mangapi hayana. Mwingine akaleta Land Rover za watalii zinazopita Jumatatu kwenda mbugani, zenye gurudumu la akiba mgongoni na zisizo nalo. Mwingine benchi za kwenye banda la video. Ulikuwa mji wenyewe unaingia darasani, vitu vyote vile vilivyokuwa vimefunguliwa mwaka ule na mwaka wa kabla yake. Watoto walivijua kuliko walivyomjua Juma wa maembe.

Zilipita Ijumaa kadhaa. Binti yangu alifanya maswali ya wenzake, akaandika njia yake na chini yake njia ya kitabu kama tulivyopatana, lakini la kwake hakuleta.

Kisha siku moja ya mwezi wa nane, baridi kali, wingu limeshuka hata mlima hauonekani, nilifika na chupa zangu nikamkuta yuko ubaoni. Alikuwa anaandika kwa mwandiko wa baba yake, ule wa kuinamisha. Kihotelini kuna meza za miguu minne na vigoda vya miguu mitatu. Meza na vigoda kwa jumla ni tisa. Nilipofagia nilikuta miguu thelathini na mmoja. Meza ni ngapi?

Nilisimama pale pale penye dirisha la darasa. Ikaanza minong'ono, kisha mtu akasema, "Kikombe ametunga ngumu leo." Wengi walianza kuchora meza. Mwalimu naye alichukua kipande cha karatasi akageukia pembeni. Mvulana mmoja akataja jibu, meza nne, na alipoulizwa amepataje akasema amejaribu moja, akajaribu mbili, mpaka ikakubali.

"Ndivyo ulivyofanya na wewe?" mwalimu akamuuliza binti yangu.

"Ndiyo, mwalimu. Nilijaribu kwa kuzunguka."

Yule msichana mnene wa dawati la mbele akainua mkono, akaanza kusema hata kabla hajaruhusiwa. "Mwalimu, mimi nina msumeno!"

"Una nini?"

"Msumeno. Nakata kila meza mguu mmoja. Vyote vinakuwa vigoda. Tisa mara tatu, ishirini na saba. Iliyobaki minne. Hiyo ndiyo niliyoikata, na kila meza nimeikata mmoja. Kwa hiyo meza nne."

"Unakwenda kwenye hoteli ya watu unakata meza zao?"

"Nakata za kwenye hesabu, mwalimu! Halafu nawarudishia."

Darasa lilicheka. Mimi nilikuwa namtazama binti yangu tu. Aliganda na chaki mkononi, macho yake yakawa yanapita kwenye ubao, mara kwenye neno meza, mara kwenye namba. Kisha akasema polepole, "Hiyo ni fupi kuliko yangu." Akacheka. Kicheko chake kile cha tumboni, ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwezi wa tatu, na akampelekea msichana yule chaki mpaka mkononi kwake, kwa sababu zamu ya kutunga ilikuwa imekuwa yake.

Nilipeleka chai ofisini. Ilikuwa imepoa na mwalimu mmoja akaniambia.

Tangu wakati ule nimewasikia watu wengi wakisema hesabu ni ngumu, hesabu ni za wenye akili, hesabu hazina mchezo. Sikubali. Mtoto anayefanya swali la kitabu anatafuta jibu ambalo mtu mwingine amelificha. Mtoto anayetunga amesimama upande wa aliyeficha, na akiwa upande huo anaona kitu kizima, mwanzo wake na mwisho wake, na haogopi. Pia anajifunza kwamba mwenzake anaweza kuingia kwa mlango ambao yeye hakuujua ingawa nyumba ni ya kwake. Jambo hilo ndilo lililomchekesha binti yangu. Nilisikia hesabu nyingi za watoto kwenye lile dirisha, na nilijua tayari kwamba mume wangu alikuwa sahihi. Sasa nilijua pia kwamba mtu mwingine anaweza kuifanya kazi hiyo. Ilinifariji, na iliniuma kidogo vilevile.

Mwalimu hakugeuka akawa mume wangu. Siku nyingine zote alifundisha kwa kitabu, kwa haraka, na fimbo ilikuwepo. Tuisheni iliendelea. Lakini Ijumaa hakuifuta.

Mtihani wa kumaliza mwaka ulifanywa mijakaranda ikiwa inapukutisha maua yake kwenye uwanja wa shule. Binti yangu aliporudi nilimuuliza maswali yalikuwaje, akasema yalikuwa mengi. Nikamuuliza kama alishindwa, akasema hakushindwa, hakufika. Sikumwelewa, na hakutaka kueleza zaidi. Wiki ile niliunguza maandazi mara mbili na dada akanitoa jikoni akaniweka kwenye vyombo.

Siku ya kufunga shule wazazi tuliitwa. Watoto walipangwa kwa mistari mbele ya ofisi, mwalimu mkuu akasimama kwenye ngazi akaanza kusoma waliovuka kwenda darasa la sita, kuanzia wa kwanza. Ukiwa mzazi unasimama nyuma ya mistari huwezi kuona uso wa mtoto wako, unaona shingo tu. Shingo ya binti yangu haikusogea. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yule mnene akaitwa mapema, akaruka. Majina yakaendelea kusomwa, makofi yakawa yanapungua kwa sababu watu walichoka, na mimi nilikuwa nimeshika ncha za kitenge changu nikizisokota. Akaitwa katikati ya majina, kati kabisa, mahali ambapo hakuna anayesikiliza. Akatoka kwenye mstari wa la tano akaingia wa la sita.

Wengine walipotawanyika mwalimu alinifuata na karatasi ya mtihani.

"Amevuka kwa hesabu kidogo juu ya nusu," alisema. "Tazama. Aliyofanya yote ni sahihi isipokuwa moja. Saba za mwisho hakuzigusa. Kila swali ameandika njia yake, akaandika na ya kitabu chini, muda ukamwishia. Mimi nilimwambia afanye hivyo darasani. Sikufikiria mtihani."

"Hata mimi sikufikiria."

"Mwakani tutaangalia."

Binti yangu alikuwa amesimama kando yetu. Akanyoosha mkono, akaomba karatasi. Nilidhani anataka kuona alama. Akaketi kwenye ngazi za ofisi, akatoa penseli kwenye soksi, akaifungua ukurasa wa mwisho na kuanza kufanya zile saba.

"Mwanangu, mtihani umekwisha. Hakuna atakayesahihisha."

"Najua, Mama. Nisubiri."

Nikamsubiri. Wazazi waliondoka, wasichana wa zamu wakafagia maua, mwalimu mkuu akafunga ofisi akatupita. Nilipoinama kutazama, chini ya kila swali kulikuwa na njia moja tu, ya kwake. Mwalimu alitokea nyuma ya majengo akisukuma baiskeli yake, trei za mayai zimefungwa kwenye keria ya nyuma. Akasimama, akachungulia juu ya bega la mtoto, akasoma kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Ya kumi na saba rudia," alisema.

Akafuta, akarudia.